Jini, Serikali na Ndoo ya Maji: Jibu kwa Mwandishi wa Riwaya ya Vijana

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya ya vijana kwa Kiswahili. Mandhari yake ni mji wa Pwani miaka mingi ijayo, ambako serikali inagawa maji kwa kadi na kumfunga kila anayezidisha kiasi chake. Msichana wa miaka 17 anampenda kijana ambaye baadaye anamgundua kuwa ni jini. Wenzangu watatu waliosoma mswada wanasema nina riwaya mbili ndani ya jalada moja, ya siasa na ya mapenzi, na kwamba niondoe mojawapo. Mmoja amenishauri nimgeuze jini awe mnyonya damu, kama wale wa vitabu vya Kimarekani. Nifanye nini?" Msomaji, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Usiondoe chochote kwanza. Wenzako wameuona ugonjwa sawasawa, lakini dawa waliyokuandikia siyo. Nimeusoma muhtasari ulioambatanisha na swali lako mara mbili, na ninachokiona ni kwamba serikali yako na jini wako hawajawahi kukutana. Sura kumi za mwanzo mji una kiu na jini hayupo. Sura kumi zinazofuata jini yupo na hakuna tena anayekumbuka kiu. Msomaji aliyekwisha kufundishwa kuhofia kadi ya maji anaachwa ghafla ufukweni usiku wa mbalamwezi, hofu yake haina kazi, na hapo ndipo anapohisi kwamba ameuziwa vitabu viwili.

Ili nikueleze namna ya kuwakutanisha, sharti kwanza tuangalie tanzu hizi mbili zinafanya kazi gani, kwa sababu kwa undani zinafanya kazi moja. Hadithi ya mapenzi haiwezi kusimama bila kizuizi. Zamani kizuizi kilipatikana bila taabu: mahari, ukoo, dini, baba mkali, bahari. Mwandishi anayewaandikia vijana wa mjini siku hizi anapata shida kuwatenganisha wapendanao wawili wenye simu mkononi, na ndiyo maana waandishi wa Marekani, katika miaka ya 2005 hadi 2015 hivi, walivitafuta vizuizi mahali pawili. Wengine walikipata kizuizi mwilini mwa mpenzi: yeye si binadamu, na kumkaribia ni hatari. Wengine walikipata katika sheria: dola imeyakataza mapenzi, au imekwisha kukuchagulia mwenza. Stephenie Meyer alikwenda njia ya kwanza katika Twilight, iliyotoka mwaka 2005. Ally Condie katika Matched ya mwaka 2010, na Lauren Oliver katika Delirium ya mwaka 2011, walikwenda njia ya pili. Katika kitabu cha Oliver mapenzi yametangazwa kuwa maradhi, na kila kijana anapofikisha miaka 18 anafanyiwa tiba ya kumwondolea uwezo wa kupenda.

Wewe umevichukua vizuizi vyote viwili, na hilo si kosa hata kidogo. Kosa ni kuviweka kimoja baada ya kingine, kama kwamba mpenzi aliyevuka mto wa kwanza anapewa mto wa pili. Kitabu kilichokaribia sana jambo unalolitafuta ni Shatter Me cha Tahereh Mafi, cha mwaka 2011. Msichana wa humo anaua kwa kugusa. Tunapomkuta amefungiwa chumbani kwa siku 264 bila kuguswa na mtu, na utawala uliomfungia unakusudia kumtumia kama silaha. Tazama jinsi mambo hayo yalivyofungwa pamoja: mwili wake usio wa kawaida ndio unaowatia hofu wapenzi, na mwili huohuo ndio mali inayotamaniwa na dola. Huwezi kuondoa siasa ukabaki na mapenzi, wala kuondoa mapenzi ukabaki na siasa.

Sasa nije kwenye shauri la kumgeuza jini awe mnyonya damu, maana nina sababu nzito ya kulipinga. Mnyonya damu wa vitabu vya Ulaya na Marekani, tangu hadithi ya John Polidori ya mwaka 1819, ni mwungwana: ana nyumba kubwa, mavazi mazuri, maneno matamu na huzuni ya kuishi miaka mingi. Edward, mpenzi mnyonya damu wa Twilight, amerithi yote hayo. Alizaliwa mwaka 1901, akawa mahututi kwa homa ya mafua ya 1918 huko Chicago, akageuzwa akiwa na miaka 17 na kubaki hivyo. Lakini msomaji wako wa Tanga, Mombasa au Kampala ana mnyonya damu wake tayari, na Pwani jina lake ni mumiani. Enzi za ukoloni watu wa miji yetu waliamini kwamba wapo wanaoajiriwa kuwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu, na mara nyingi waliotajwa walikuwa wazimamoto wenye magari yao. Upande wa Kongo ya Wabelgiji waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo Kenya na Uganda na kuyachapisha mwaka 2000, na jambo linalojitokeza humo ni kwamba mumiani hana jumba wala huzuni. Ana gari, ana ndoo, ana mshahara, na damu anaichukua kwa niaba ya mwenye mamlaka.

Huyo hawezi kupendwa, na ukimleta kama mpenzi msomaji wako atakumbuka maonyo ya bibi yake. Hata hivyo, chukua somo kutoka kwake. Wazee wetu walipotaka kuisimulia serikali inayokamua watu hawakuhitaji tanzu mbili. Kiumbe cha kutisha na ofisi ya serikali vilikuwa kitu kimoja katika masimulizi yao, vikiwa na sare moja. Nimekuwa nikifundisha fasihi kwa miaka mingi, na inanisikitisha kila ninapoona kijana mwenye kipaji akienda kuazima mbali kitu ambacho nyumbani kwao kimekwisha kutengenezwa kikamilifu.

Baki basi na jini, ila mtumie jini wa kweli wa Pwani, maana huyo uliyemwandika, kwa muhtasari wako, ni Edward aliyevalishwa kanzu. Ana ngozi baridi, ni mpole, ana nguvu, hapungukiwi na kitu. Jini tunayemfahamu sisi ameumbwa kwa moto usio na moshi, kama Kurani inavyoeleza. Ana ukoo, ana dini au hana, ana wivu, ana masharti. Na anapompenda mwanadamu tunamwita jini mahaba, na kwa kawaida tunamhesabu kuwa balaa: anayependwa naye haolewi, akiposwa uchumba unavunjika, anaota ndoto usiku na kuamka amechoka, na ndugu zake wanaanza kutafuta kombe (maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji na kunywewa), ubani na mtu wa kumsomea. Huna haja ya kubuni ukali wa kizuizi hiki. Kila nyumba ya Pwani inakijua.

Umbile hilo la moto ndilo linaloweza kuiunganisha riwaya yako, na nashangaa hukuliona kwa sababu vifaa vyote umeviweka mezani mwenyewe. Mji wako unagawa maji kwa kadi. Mpenzi ni kiumbe wa moto. Moto haunywi maji. Kwa hiyo kijana huyo, akiishi mjini kwa jina la kibinadamu, ana kadi kama raia wengine, na hesabu ya kadi yake haipungui. Miezi sita, lita zilezile. Kwa upande wa pili, msichana anayekaa karibu na moto hukaukiwa. Kila wanapoonana usiku anarudi nyumbani midomo imepasuka, anakunywa kata tatu mfululizo, na kadi yake inakwisha tarehe 19 badala ya tarehe 30. Ukiandika hivyo, serikali haihitaji jasusi wala kipaza sauti kilichofichwa. Inahitaji karani mmoja msoma mita, mtu wa kawaida aliyechoka, anayepitisha kidole kwenye orodha na kusimama kwenye namba mbili: moja isiyoshuka kamwe, nyingine inayoshuka upesi mno. Huyo karani ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza mjini kujua kwamba wawili hao wanapendana.

Sasa mfuate msichana asubuhi kwenye kioski cha maji. Dumu lake la lita 20 limesimama kwenye foleni, amefunga kitambaa cha buluu kwenye mkono wa dumu asilipoteze. Anaweka kadi, taa inawaka nyekundu, watu nyuma yake wananyamaza. Kisha mkono mwingine unaweka kadi nyingine kwenye mashine, taa inageuka kijani, na maji yanaanza kutoka. Kijana hasemi neno. Msichana anatazama chini na kuona kwamba kila tone linaloruka na kumdondokea kijana mguuni linakauka papo hapo, halirowanishi hata vumbi. Katika tukio hilo moja unayo sheria ya mji, umbile la kiumbe, tendo la upendo na kosa la jinai, kwa sababu katika mji wako kumpa mtu maji yako ni hatia. Tukio la namna hii lina uzito kuliko sura nzima ya waziri akihutubia.

Nikitaja hotuba ya waziri, niseme jambo kuhusu siasa yako, kwani hapo nakuona umeandika kwa uchungu wa kweli lakini kwa njia ambayo kijana hataifuata. Sisi tuna asili yetu ya riwaya ya dola dhalimu. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi ya angani ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria na kujitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kwa faida ya nchi na kuadhibiwa waliporudi. Dhuluma humo inawekwa wazi kwa hoja, kwa kauli, kwa mtu mzima kusimama barazani. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na bila shaka ndiyo uliyojifunzia. Riwaya ya vijana ya leo ina desturi nyingine: dhuluma lazima ipite mwilini mwa kijana kabla haijapita kinywani mwake.

Mfano ulio wazi ni hesabu ya karatasi katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Kila mtoto wa miaka 12 hadi 18 jina lake linaingizwa kwenye kura ya kuchagua watakaopelekwa kuuana uwanjani. Jina linaingia mara moja akiwa na miaka 12, mara mbili akiwa na 13, na kuendelea. Lakini maskini anaweza kuongeza jina lake na kulipwa nafaka na mafuta kidogo ya kumlisha mtu mmoja kwa mwaka. Katniss, msichana anayetusimulia, ana miaka 16. Ameongeza jina lake mara tatu kila mwaka, kwa ajili yake, mdogo wake na mama yao. Tano za lazima na 15 za njaa ni karatasi 20. Rafiki yake Gale, mwenye familia kubwa zaidi, ana 42. Collins hakuhitaji kutuhutubia kuhusu matabaka. Msomaji wa miaka 14 anajumlisha mwenyewe na kupata jibu, na jibu analolipata kwa kujumlisha mwenyewe halimtoki.

Na humohumo utaona mapenzi yanavyoshonwa na dola. Kijana Peeta, aliyechaguliwa pamoja na Katniss kwenda uwanjani, anatangaza kwenye mahojiano ya runinga kwamba anampenda Katniss, na tangu hapo mapenzi yao ni chakula cha watazamaji. Baadaye wakiwa pangoni, Peeta akiwa na homa, Katniss anambusu, na muda mfupi baadaye parashuti ndogo inashuka na chungu cha mchuzi. Anaelewa mara moja ujumbe wa mshauri wao aliyeko nje: busu moja, chungu kimoja. Kuanzia hapo hajui tena, wala sisi hatujui, ni busu lipi la moyo na lipi la kununua uhai. Hiyo ndiyo dola iliyoingia hadi kwenye midomo ya watu wawili. Wewe una maji badala ya mchuzi, na una nafasi ileile.

Kuhusu yule kijana wa pili, jirani aliyemposa msichana, umeandika kwamba umemweka "ili kuwe na pembetatu". Hiyo haitoshi. Katika vitabu vilivyofaulu mtu wa tatu hawi mwanamume wa akiba. Yeye ni jibu tofauti kwa swali lilelile la mji. Gale na Peeta wanamgombea Katniss, lakini pia ni njia mbili za kukabiliana na dhuluma, kulipiza kisasi bila kujali nani anakufa au kukataa kuwa kama mtesi wako, na anapochagua mtu anachagua njia. Jirani yako basi afanye nini? Pengine yeye ndiye yule karani msoma mita. Fikiri juu ya hilo. Mtu mwema, mchumba halali, mwenye mshahara wa kumwezesha mkewe kunywa, na ambaye kazi yake ni kuandika majina.

Kuna jambo moja ambalo sitalipitisha haraka, kwa sababu wasomaji wako watakuwa wasichana wa kidato cha pili na cha tatu. Katika Twilight, Edward anaingia chumbani kwa Bella, msichana anayempenda, usiku na kumtazama akiwa usingizini bila yeye kujua, na kitabu kinalisimulia jambo hilo kama dalili ya upendo mkubwa. Wasomaji wengi wamelilalamikia, nami nipo upande wao. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa jini mahaba wa masimulizi yetu huja hivyohivyo, usingizini, bila ruhusa, na jamii yetu imekuwa na hekima ya kuliita hilo ugonjwa unaohitaji tiba. Ukimwandika jini wako akija ndotoni na msichana akifurahi, utakuwa umechukua onyo la mabibi zetu na kuligeuza kuwa kivutio. Lakini lugha yetu ina neno linalokuokoa: hodi. Jini wako abishe hodi. Asimame nje ya mlango, hata mvua ikinyesha na kumuumiza, mpaka asikie karibu, na siku msichana anapokaa kimya aondoke. Hata mnyonya damu wa Bram Stoker, mwaka 1897, hakuruhusiwa kuingia nyumba mara ya kwanza bila kukaribishwa na mwenyeji. Nakuhakikishia kwamba kimya kati ya hodi na karibu, kikiandikwa vizuri, kina joto la mapenzi kuliko mikono mingi inayoshikana.

Ujihadhari pia na namna unavyowatumia watu halisi. Meyer aliwaweka katika hadithi yake Waquileute, ambao ni kabila la kweli la Wenyeji wa Marekani lenye makao La Push katika jimbo la Washington. Simulizi ya asili yao inasema kwamba walitokana na mbwa mwitu waliogeuzwa kuwa watu. Habari ya vijana wao kugeuka mbwa mwitu ili kupigana na wanyonya damu ni ubunifu wa Meyer, na wasomaji wengi duniani wakaichukua kuwa mila ya kabila hilo. Katika muhtasari wako umeitaja jamii moja ya jirani zetu, kwa jina, kuwa ndiyo "inayofuga majini". Liondoe jina hilo. Wapo watoto wa jamii hiyo watakaosoma kitabu chako darasani, wakiwa wamekaa dawati moja na wenzao.

Upande wa lugha nina neno moja tu. Umeandika mswada mzima kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo: ninakimbia, ninageuka, ninamwona. Najua umeiga vitabu vile, kwani Collins na wengi waliomfuata wameandika hivyo kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, "nina" na "ana" zikijipanga ukurasa mzima zinachosha sikio, na zinakunyima kitu kilicho chetu, yaani "ka" ya masimulizi. "Niliweka kadi, taa ikawaka nyekundu, watu wakanyamaza, nikasikia pumzi nyuma yangu." Hapo hadithi inajikimbiza yenyewe. Bakiza nafsi ya kwanza, ina ukaribu unaouhitaji, lakini mrudishie msimulizi wako "li" na "ka", na wakati uliopo uuweke akiba kwa mahali pachache ambapo pumzi inasimama kweli.

Umeniuliza mwishoni kama ni lazima wapendanao wabaki pamoja. Tanzu zako mbili zimeahidi mambo tofauti hapa. Msomaji wa mapenzi na viumbe wa ajabu anatarajia wawili hao waishie pamoja; msomaji wa dola dhalimu yuko tayari kwa hasara, ila hasara iwe imenunua kitu. Veronica Roth alimuua Tris, msimulizi wake, mwishoni mwa Allegiant, kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Divergent, mwaka 2013, na wasomaji wengi walikasirika sana, ingawa kifo kile kilikuwa kimetayarishwa tangu kitabu cha kwanza, pale Tris alipotoka katika kundi linalofundisha kujitolea nafsi kwa ajili ya wengine. Kwako wewe bei imekwisha kuandikwa katika maumbile: akikaa na moto atakauka, na mji utazihesabu lita zake. Njia yoyote utakayochagua, bei hiyo ilipwe na mmoja wao kwa hiari, na isifutwe na dawa ya mganga inayotokea sura ya mwisho.

Usianze kurekebisha kutoka sura ya kwanza. Andika kwanza tukio la kioski, kurasa nne au tano, kisha tukio la karani na orodha yake usiku wa mwisho wa mwezi. Ukishayapata hayo mawili, rudi kwenye sura zako kumi za mwanzo na umtafutie kijana huyo nafasi katika foleni ya maji tangu ukurasa wa pili, akiwa amesimama na dumu tupu ambalo hana haja nalo.